Saa ya piloti na kuku mwenye kulia

Mulamu Amisi, jambo yako, na ya dada yangu anayekuvumilia hapo Salamabila.

Wenzangu wa avion, ile ndege ndogo ya kuja Kasongo, wote wanasimulia vibaya, ati nililia. Waongo! Tulikuwa katikati ya wingu, kote nyeupe kama unga wa muhogo, mara ile televizyo inayomuonyesha piloti njia ikazimika. Pap! Mulamu, moyo wangu ulishuka ukatangulia Kasongo. Piloti akatazama saa ya mukono tu, ya Uswisi, kubwa kama kifuniko cha termosi.

"Papa," akaniambia, "hii haina batri. Kila asubuhi naizungusha na vidole."

Kumbe ni kama wewe, mulamu, bila kukusukuma hautembei!

"Sindano hii ya sekunde ikizunguka mara tano, tunashuka, utaona Kasongo."

"Na ikisimama?"

"Basi omba isisimame."

Kule nyuma kuku mumoja akaanza kulia, akiita mama yake. Mara ya tano, tukatoka chini ya wingu: manyumba ya Kasongo hii hapa! Nikashuka wa kwanza, nikabusu udongo, mimi mwenye kuua nyoka na kisigino.

Mungu akuchunge, mulamu, ubakie na nguvu ya kula. Lakini dada asijue: mule ndani ya avion hakukuwa kuku.