Mshumaa wa Mama Mkwe

Mwenzangu, nimejifungia chooni kwa mama mkwe.

Ile mishumaa niliyomtengenezea ya siku yake ya kuzaliwa imeniumbua. Si unakumbuka nta ya soya ilivyokuwa laini? Niliiyeyusha upya, nikatia stearini ili igande vizuri, halafu manukato nikamimina tu bila kupima, nikitaka nyumba nzima inukie.

Kawasha mmoja mbele ya mawifi wote. Ukazima. Kawasha tena, ukazima tena. Utambi umezama kwenye mafuta ya manukato!

Akauinua juu kila mtu auone. Akasema, “Kwa huyu hakuna kinachoshika. Si moto, si mimba.”

SI MIMBA. Mbele ya watu wote wale!

Mawifi wakacheka mpaka wakaegemeana. Sawa, hao nawajua.

Lakini mume wangu naye kacheka. Yeye aliyenishika mkono hospitalini mimba ya pili ilipotoka. Kacheka, nimemwona kwa macho yangu.

Sasa hivi anagonga mlango. Nikadhani anakuja kuniomba radhi. “Toka basi,” ananiambia, “mama anataka umpige picha akikata keki.”

Njoo unichukue. Sirudi naye nyumbani.