Jeep ya Papa Sefu Imeng'aa, na Sifa Zimekwenda Kwako

Ramazani ndugu yangu,

Hata kufa umekufa vizuri. Umekufa Ijumaa, msikiti ukajaa mpaka watu wakatandika mikeka barabarani, wenye pikipiki wakazima injini kwa heshima. Mimi nikifa, najua, itakuwa siku ya mvua kubwa, na watakuja watu wachache wamekunja suruali. Ndivyo ulivyo. Mambo yako yote yanakwenda sawa, hata yale ambayo mtu hajichagulii.

Tangu uende, hapa Kasongo hakuna anayetaja rangi ya gari bila kutaja jina lako. Mtu ananiletea gari, mimi Amisi niliyejifunza nawe kwa fundi mmoja, chini ya bati moja, halafu ananiambia nifanye kama marehemu. Naenda kununua msasa, muuzaji ananipa pole. Pole ya nini? Sisi tulikuwa tunagombania wateja! Lakini nikaipokea, nikafika nyumbani nikalia, kisha nikakasirika kwa sababu nimelia.

Sasa sikia. Papa Sefu, yule mnunuzi wa dhahabu wa Salamabila, amekuja na jeep yake nyeusi. Ndiyo ile uliyoipaka kinga juu ya rangi, ile dawa ya chupa ndogo inayokauka ikawa kama kioo chembamba, na mji mzima ukaja kujitazama ndevu kwenye mlango. Siku ile na mimi nilikuja. Nilisimama nyuma usinione, ukaniona, ukaniita mbele za watu: "Amisi, kuja ujione, leo uko muzuri!" Watu wakacheka. Sijakusamehe.

Basi jeep imefifia. Imekuwa ya kijivu, ina madoa meupe kila mahali, na ukiimwagia maji yanalala tu juu yake badala ya kukimbia. Papa Sefu akalipiga teke gurudumu, akasema, "Amisi, chubua yote, upake mupya. Kazi ya Ramazani imekufa na yeye mwenyewe."

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, hata chai sikumaliza. Nikawasha grupu, ile jenereta yangu ya umeme, nikafunga sifongo ngumu kwenye mashine ya kusugulia. Ile jeep ndiyo kazi yako kubwa ya mwisho inayotembea, zile nyingine zimeuzwa mbali au zimeoza. Nikiichubua, hapa Kasongo hapatakuwa tena na kitu cha kunyooshea kidole na kusema, huu ni mkono wa Ramazani. Watasema ni mkono wa Amisi. Nimelingojea hilo tangu sote tuna nywele nyeusi.

Nikafungua mlango wa nyuma ili nifunike mpira wake kwa karatasi. Kwenye ukingo wa ndani, ambako vumbi na maji ya kisima hayafiki, nikajiona. Pua yangu yote na jasho lake. Kinga yako ilikuwa hai, bwana we! Ilikuwa imezibwa tu. Shofa, dereva wa Papa Sefu, anaiosha jeep kwa maji ya kisima kwenye jua kali, anaiacha ikauke hapohapo, kama tunavyofanya sote. Maji yanakwenda, chumvi yake inabaki, na vumbi jekundu la barabara linashika juu ya chumvi. Halafu mtu anasema rangi imezeeka, anatafuta msasa.

Ningeweza kuufunga ule mlango. Hakuna aliyeniona. Nilisimama na mashine mkononi, inanguruma, nikakuchukia kabisa. Kisha nikawaza: watasema Ramazani aliing'arisha kwa kitambaa, Amisi akaing'arisha kwa nguvu. Hapana! Kama ni kukushinda, nikushinde kwa kitambaa. Nikazima grupu.

Nikaenda kwa mke wako, Mama Zaina, kumwuliza ulikuwa na siri gani. Ametoka eda, amekonda, lakini ulimi wake ni uleule. "Siri gani?" akasema. "Bwana yangu alikuwa muvivu wa kusugua. Alikuwa anangojea mvua." Akanionyesha pipa lako pale maji ya bati yanapodondokea, limejaa. Ramazani, lile pipa! Mteja amesimama na haraka zake, wewe unatazama mawingu. Nilidhani ni maringo, kumbe ulikuwa unangojea maji yasiyo na chumvi.

Nikachota. Nikaingiza jeep kivulini, nikangoja mpaka bati lake likawa baridi mkononi. Nikaiosha kwa sabuni laini. Kisha nikachanganya siki kidogo sana na maji yako ya mvua, nikapitisha kwa kitambaa bila kukandamiza, sehemu ndogo ndogo, nikisuuza kabla haijakauka. Mkono wangu unaujua, unapenda kusukuma. Nikawa nauambia kwa sauti maneno yako yaleyale yaliyokuwa yananiudhi: "Polepole ndugu, hii gari haiko adui yako." Madoa yakaondoka. Nikamwaga maji juu ya paa, yakajikusanya matone matone, yakakimbia chini. Nilicheka peke yangu pale kama mwehu.

Papa Sefu alipokuja aliizunguka. Akaugusa mlango. Mtu mzima yule, mwenye sauti ya kutisha soko, macho yakamjaa maji. Nami nimesimama pale, vidole vimekunjamana kwa kuloa, nangojea jina langu. Akasema, "Ramazani, Ramazani. Mikono gani ile!" Akaita watu waje kuona kazi ya marehemu. Wakaja, wenye pikipiki na wenye baiskeli. Mmoja akanisifu eti nimeitunza vizuri. Nimeitunza! Kama mlinzi!

Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini walivyokuwa wanakutaja, ilikuwa kama umeingia tu duka la ng'ambo ya barabara kununua kitu na utatoka sasa hivi. Nami nikageuka kutazama duka. Kweli niligeuka. Kisha nikawaambia, "Ndiyo, ni yake."

Basi nakuahidi: nikiwa hai, hakuna mtu atakayeichubua jeep ile. Shofa wake nimemkaripia, amekoma na jua, amekoma na kisima. Usifikiri ni upendo. Nikikufuta wewe, hapa Kasongo nitamwonea nani wivu? Hawa wengine wote hawajui kazi.

Pumzika, ndugu, Mungu akupe nuru. Na huko uliko, kama kuna magari, usiyaoshe yote. Nibakizie moja chafu.

Amisi