Vidonge vya Damu na Udongo wa Kichuguu

Mjukuu wangu Somoe,

Hujambo wewe na huyo wa tumboni? Huku Morogoro tu wazima. Babu yako anauliza kama korosho za Nachingwea zimeanza kuanguka.

Umeniandikia kwamba unataka kuacha vidonge vya kuongeza damu kwa sababu vinakufunga choo, kisha unywe haluli. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na mimba ya mama yako, kwetu Nambilanje. Ile chumvi ya kuharisha ilinimaliza nguvu zote, nikapelekwa zahanati kwa baiskeli. Mkunga akanitazama mdomoni.

"Binti, udongo wa kichuguu unakula kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo, na meno mekundu hivyo! Huo ndio unaokufunga zaidi, tena unakupunguzia damu. Unavisingizia vidonge."

Nilicheka huku nalia. Nikarudia vidonge, nikaongeza maji na papai.

Haluli usiiguse, mama. Vidonge endelea navyo, na mweleze muuguzi habari ya choo. Zipo dawa laini anazoweza kumpa mjamzito.

Nami nakuuliza kama mkunga yule: unakula udongo kiasi gani? Usinifiche. Miaka yote hii mbali na kwetu, mvua ikianza tu, bado nautamani.

Bibi yako