Koti Lako Alilolivaa Balozi

Baba,

Shikamoo. Najua unanicheka, tangu lini wewe umesoma barua? Zote zilizotoka Songea nilikusomea mimi, na wewe ukaniambia nirudie pale wanapokutaja jina. Hii pia nitakuja kukusomea hapo ulipolala, kwa sauti ya chini, maana siku hizi siamini hata majani ya makaburini.

Mama amekonda lakini anakula. Baiskeli yako ipo, imepasuka mpira wa nyuma. Mimi bado nashona barazani kwa Mwarabu. Nyumba bado ni yetu, na hilo ndilo hasa ninalotaka kukueleza, kwa sababu kwa wiki kadhaa haikuwa yetu na sisi hatukujua imetutokaje.

Ulimpenda Balozi Lukasi, balozi wetu wa nyumba kumi, Baba. Yeye Mhehe, sisi Wangoni, watani wa jadi. Akipita ulimwuliza leo amekula mbwa wa nani, naye akakujibu kwamba babu zako walikimbia vita mpaka wakasahau viatu, mkacheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka sana. Sukari, unga, vitenge, barua ya kuombea kazi, vyote vilipita kwenye muhuri wake. Mkutanoni alisimama akatufundisha kwamba machifu wamefutwa na makabaila wamekwisha, na kesho yake mwenye shida alikwenda kwake na kuku kwapani. Nilikuambia kabaila hajaisha, kahamia nyumba kumi. Ulinikemea. Ulisema, "Otilia, mdomo wako utatuletea njaa."

Siku ya msiba wako alikuja mapema. Watani ndio wenye msiba, nani angemzuia? Alipita chumbani, akatoka amevaa koti lako la ulinzi, lile zito la kijani ulilolivaa hata kwenye joto la Desemba. Akatembea uani kama wewe, bega moja chini, akakohoa kikohozi chako, akamwambia mama ampe chai isiyo na maji, kama ulivyozoea kusema. Watu walicheka huku wanalia. Na mimi nilicheka, Baba. Nisamehe. Nilikuona wewe pale uani, nikacheka.

Mama alilikomboa kwa jogoo, kama ilivyo desturi. Lakini mtani huvua palepale. Yeye aliondoka nalo, akalirudisha siku ya tatu, limepigwa pasi. Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa kichwani. Tangu lini mtani akapiga pasi koti la marehemu? Na kwa nini koti, wakati baiskeli ilikuwa imeegemea ukutani palepale?

Nililigeuza. Unajua mwenyewe ulivyoushona ule mfuko wa ndani, ulikataa nisikusaidie, ukatumia uzi mweupe wa gunia la unga, mishono mikubwa kama hatua za bata. Sasa mfuko ulikuwa na mishono midogo, ya uzi mweusi, mizuri kuliko yangu. Niliufumua. Karatasi ya kiwanja, uliyoishonea humo, haikuwemo.

Mama alisema labda uliihamisha. Tukafungua mito, tukapekua darini, tukachimba hata chini ya mtungi. Nilimshuku Mwarabu, kwa sababu aliuliza kama tutauza. Nilimshuku baba mdogo, kwa sababu anataka turudi Songea tukalime. Na wewe nilikushuku. Usiku mmoja nilijiambia labda uliiweka rehani kwa pombe ukaona haya kutuambia. Nilikuwa na hasira na wewe siku mbili nzima, na wewe huna hata wa kukutetea.

Lakini nani aliyejua kuhusu ule mfuko? Wewe, mama, mimi. Na yule uliyempelekea karatasi akusomee siku ile mimi nilipokuwa kazini.

Naye akawa mwema kupita kiasi. Alituletea sukari kilo mbili bila foleni, akasema mjane wa mtani wake asihangaike. Mama alimwombea baraka. Mimi niliitazama ile sukari juu ya meza nikakumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Jumamosi yake akaitisha mkutano, akasoma majina ya watu wasio na karatasi za viwanja, watakaopakiwa lori kwenda kijijini kulima. Jina la mama lilikuwa la nne. Alilisoma kwa huruma, akamgeukia, akasema, "Mama, ukiipata karatasi niletee hata kesho." Mimi hakunitazama.

Ningemshtaki wapi? Kila ofisi ya juu inakuuliza barua ya balozi wako.

Wiki iliyofuata akafiwa na kaka yake. Msiba ukawekwa kwake. Mama akafunga kanga aende kupika, nami nikakaa nikifikiri. Kama yeye ni mtani wetu, basi sisi ni watani wake. Nilipomwambia mama ninachotaka kufanya alinishika mkono akanisihi. Nilikwenda hivyohivyo.

Jeneza lilikuwa karibu kutoka. Nilipita katikati ya watu, nikakalia kiti chake mlangoni, nikachukua muhuri wake mezani. Nikatoa tumbo mbele, nikaita watu wapange foleni. "Unataka sukari? Barua iko wapi? Na mwenzake barua, yule mwenye manyoya, umemwacha wapi?" Walicheka. Nikamwita mwingine, nikamwambia makabaila wamekwisha, nipe jogoo. Walicheka zaidi, kisha kicheko kikabadilika, wakaanza kutazamana. Balozi alicheka kwa meno tu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, Baba.

Niliufunga muhuri kwenye pindo la kanga, nikasema maiti haitoki mpaka nikombolewe. Akasema mchezo umetosha. Hapo akasimama shangazi yake, bibi aliyekuja na basi kutoka Iringa, Mhehe wa kweli, Mungu ambariki. "Lukasi, nimesikia nawe ulivaa koti la baba yake. Mtani akishika kitu, mwenyewe hukikomboa. Mwulize anataka nini."

Akaniuliza kama nataka mbuzi.

"Sitaki mbuzi. Nataka kilichokuwa kwenye mfuko wa koti la baba."

Alisema hajui mfuko wala koti. Nikasema basi tutakaa. Jua la saa nane lilikuwa linatuchoma wote, katekista akatazama saa yake, wanaume waliobeba jeneza wakalitua. Shangazi akamwambia kitu kwa Kihehe, maneno mawili matatu, sikuyaelewa. Balozi akaingia chumbani, akatoka na bahasha iliyofungwa kwa gazeti, akatangaza kwa sauti kwamba alikuwa akitutunzia isipotee. Watu wakashangilia. Nilimpa muhuri wake, nikaenda kumzika kaka yake, nikatupa udongo, kwa sababu utani ni utani na yule marehemu hakunikosea.

Nyumbani nikaifungua bahasha. Karatasi yako ilikuwemo, jina lako, dole gumba lako. Mama aliiweka kwenye shavu, akalia mpaka nikaogopa. Lakini haikuwa peke yake, Baba. Chini yake ilikuwepo nyingine, imekunjwa vilevile. Katika haraka yake alichukua zote mbili. Ya pili ina jina la Bi Tatu.

Bi Tatu wetu, wa vitumbua, aliyepakiwa kwenye lori mwaka jana na wajukuu zake. Wewe ulimsaidia kupandisha kitanda. Ulirudi na jasho, ukanywa maji, ukasema, "Angekuwa na karatasi, asingeondolewa." Nasi tulikuamini, kwa sababu wewe ulimwamini Balozi.

Jana Balozi alikuja. Aliuliza, kwa upole sana, kama kwenye bahasha kulikuwa na kitu kingine. Nilimwambia hapana, ni yetu tu. Alinitazama, nami nikamtazama. Sasa ananishuku yeye. Karatasi nimeiweka mahali ambapo hata kwenye barua hii sitapataja.

Jumapili napanda basi la barabara ya Morogoro, nipite Kimara, niende mpaka kwenye kijiji walikompeleka Bi Tatu, nikimwulizia mpaka nimpate. Nitamkabidhi mkononi. Pia nitamwambia kwamba aliyepandisha kitanda chake hakujua, na nitamwomba akusamehe. Akikubali, nitakuja kukuambia. Akikataa, nitakuja kukuambia vilevile.

Lala salama, Baba. Mama anakusalimu.

Mwanao,
Otilia