Baba Aliomba Akili Siku ya Sabato

Yerusalemu, Jumapili

Kaka Elkana,

Huku hatujambo, ila mimi usingizi hauji. Mlimau umezaa mpaka matawi yanainama. Jirani yetu Mazal ameunguza tena chakula cha Sabato na anamsingizia paka. Baba anakula vizuri. Juzi aliniita kwa jina la marehemu mama, nikaitika.

Haya, nisizunguke. Jana asubuhi Baba alikuwa anasali dirishani. Huko uliko sijui kama bado unasali, basi nikukumbushe: siku za kazi, ombi letu la kwanza kwa Mungu ni akili, kabla ya afya, kabla ya riziki. Siku ya Sabato hatuombi kitu, tunamwacha naye apumzike. Lakini nikamsikia Baba: "Wewe humjalia mwanadamu akili..."

"Baba, leo Sabato!"

Hakugeuka. Si unajua, ukikosea ukalianza ombi, sheria inataka ulimalize, ndipo urudi kwenye sala ya Sabato. Akalimaliza taratibu, neno kwa neno. Akarudi. Mara nikamsikia analianza tena. Kisha tena, Elkana!

Aliposhusha shali yake ya sala nikamtania: "Mzee, umemnyima Mungu mapumziko yake."

Hakucheka. Akanishika mkono. "Mwanangu, mara ya kwanza nilisahau. Hizo nyingine nilifanya kusudi."

Achana na hizo kazi zako zisizoisha. Njoo kabla hajasahau cha kuomba.

Dada yako anayekusubiri kwa hasira,
Tirtza