Dawa ya Kuacha Haiuzwi Mojamoja

Karakana ya Makochi,
Mlango wa Nyuma,
S.L.P. 417.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali uliko, wewe, mumeo na mjukuu wangu. U hali gani? Kazi ya wodini inakwendaje? Na kifua cha mtoto je, bado kinakoroma asubuhi, au ile mashine ya mvuke imemsaidia? Nieleze yote kama kawaida yako, maana barua yako ikipungua kurasa nne mimi huanza kudhani unaumwa.

Sisi huku tunaendelea. Mkaza mjomba wako hajambo, mguu wake umepona na sasa ananishinda kutembea. Mimi nilizoea kukuandikia kwamba ni mzima wa afya. Leo sitaandika hivyo, na hapo chini utaona sababu.

Barua yako ya mwezi uliopita tuliipata. Mke wangu aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaenda nayo jikoni akaisoma tena peke yake. Umepata nafasi ya kusomea ukunga mwaka mzima, mumeo yuko barabarani na lori lake muda wote, na umeamua mtoto aje akae kwetu kwa sababu, uliandika mwenyewe, nyumba ya mjomba sasa haina moshi. Daktari amekukanya kwamba mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati asilelewe na mvutaji. Chuo kinataka jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Mpwa wangu, sijaacha sigara. Sikuiacha hata siku moja. Zile barua mbili nilizokuandikia, kwamba kifua kimekuwa chepesi na ladha ya chakula imerudi, nilizitunga nikiwa na sigara mkononi. Sina uso wa kukutazama wala sauti ya kukusemesha, ndiyo maana nimechagua karatasi badala ya simu.

Hela ya dawa ya kuacha sigara, uliyoipunguza kwenye mshahara wako ukanitumia, ilifika salama, na siku hiyohiyo nilikwenda duka la dawa. Nilipotajiwa bei ya boksi la zile plasta za kubandika mkononi ili kupunguza hamu ya sigara, nilishika kaunta. Nikamwomba mama muuzaji aniuzie moja tu ya kujaribu. Alicheka. "Baba, hizi haziuzwi mojamoja. Ni boksi zima, wiki nane, ukianza unamaliza." Nikamwambia nakwenda kufikiri. Sigara, unajua, huuzwa moja. Unatoa sarafu, unaondoka, wala mfuko hausikii. Basi nikanunua moja ya kufikiria. Kesho yake nikafikiri tena. Hela yako yote imekwisha kwa kufikiri.

Miaka yote nimejigamba kwamba mimi si mvutaji wa pakiti. Hata wewe nilikwambia hivyo ulipokuwa mdogo, na mama yako, dada yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitazama tu. Sasa mwezi uliopita mwenye kibanda cha hapo nje ninakonunua sigara, yule tunayemwita Mpole, alileta friji mpya ya vinywaji. Nikampongeza. Akanishika bega mbele ya watu: "Fundi, usinipongeze mimi. Nusu ya friji hii ni wewe!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao meno nje, huku nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikarudi karakanani, nikachukua chaki, nikapiga hesabu nyuma ya kochi la mwalimu mstaafu nililokuwa nimelivua kitambaa. Sigara nane kwa siku, siku nyingine kumi. Kwa zile wiki nane nilizokudanganya nimevuta maboksi mawili ya plasta, na chenji juu. Boksi lilelile lililonifanya nishike kaunta! Kwa mwaka, nimevuta kitambaa cha kuvika seti nne za makochi, tena cha mahameli. Niliogopa mke wangu asije akaona, nikavuta kitambaa kipya upesi nikakipigilia juu yake. Mwalimu atakalia hesabu yangu mpaka kochi lichakae.

Na hizo ni hasara za sarafu tu. Siku ya kupeleka kochi hilo ghorofa ya tatu, mimi na kijana wa kunisaidia tulifika ya pili, pumzi ikaniishia, tukaliweka kwenye ngazi nikaketi juu yake, wapangaji wakinipita ubavuni na kunipa pole. Ilibidi niwalipe wapagazi wawili wamalizie kazi ambayo zamani niliifanya na mtu mmoja huku tukipiga soga.

Utajiuliza nimewezaje kuficha. Sponji na gundi havitaki moto, kwa hiyo tangu zamani mimi huvutia nje, nyuma ya rundo la fremu. Nikimaliza nanawa mikono kwa mafuta ya taa. Mke wangu husema nanuka kazi, na mimi humwacha aseme.

Alhamisi alipokuwa akifua alikuta kiberiti mfukoni mwa shati langu. Ulimi wangu ukawahi: nikamwambia ni cha kuchomea ncha za uzi wa nailoni zisifumuke. Ni kweli sisi mafundi hufanya hivyo, ndiyo maana uongo wenyewe ulitoka laini. Aliamini papo hapo. Jioni akarudi kutoka dukani, akaniwekea juu ya meza ya kukatia dazeni nzima ya viberiti. "Usije ukahangaika na uzi wako," akasema. "Mtoto anakuja, nataka uwe unamaliza kazi mapema." Kisha akaenda zake kushona godoro dogo la mabaki ya sponji.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Nimeshatukanwa na wateja, nimeshakata vibaya vitambaa vya watu, lakini vile viberiti vilinishinda. Nilimfuata chumbani nikamwambia yote, pamoja na ya hela yako. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata la kujitetea. Aliniuliza jambo moja tu: "Na ungemshika mtoto kwa mikono hiyohiyo?" Jibu ni ndiyo, Chiriku. Ningemshika, na ningekuandikia kwamba mtoto hajambo.

Juzi niliuza kiti changu cha kupumzikia, kile ulichokuwa ukinipokonya ukirudi shuleni, nikaenda kununua boksi. Mama wa duka la dawa alinikumbuka, akaniuliza kama nimemaliza kufikiri. Boksi analo mke wangu, na asubuhi hunibandika moja kama mtoto wa chanjo. Inawasha kidogo. Sitakuficha: jana nilivuta mbili, plasta ikiwa mkononi. Leo bado, na sasa ni saa nane mchana. Ya jioni sitakuahidi.

Sasa nisikilize. Usimlete mtoto kwetu. Hata nikikuandikia mwezi ujao kwamba nimeacha kabisa, usiniamini haraka, umeshaona jinsi ninavyojua kuandika. Lakini nafasi ya chuo usiiachie. Ukiipata barua hii, wajibu siku hiyohiyo kwamba utakwenda. Nimezungumza na mke wangu, naye amekubali kuja kwako akamlee mtoto hapohapo ulipo, mwaka wote wa masomo yako. Nauli imetoka kwenye kazi ya mwalimu, na nimemkabidhi mkononi mwake isije ikaanza kufikiriwa. Atafika kabla mwezi haujaisha.

Tumeoana miaka thelathini na mmoja, na hatujawahi kutengana zaidi ya wiki moja. Jana alikuwa akinionyesha jikoni, chumvi iko wapi, unga uko wapi, jiko lina hila gani. Nikajitia najua, kwa mazoea. Kisha nikamwomba anionyeshe tena tangu mwanzo, na alinionyesha bila kunitazama usoni. Ninastahili hilo. Nilikuwa nasema boksi ni ghali, na sasa nalipa kwa kuwakosa mke wangu na mjukuu wangu, mwaka mzima.

Usimlaumu kwa lolote, hakujua. Mpokee vizuri, ana baridi ya miguu, na hapendi kuulizwa maswali akiwa amechoka na safari. Akikaa siku mbili atazungumza mwenyewe.

Msalimie sana mumeo akirudi na lori lake, mwambie apunguze mwendo. Msalimie pia yule jirani yako wa ghorofa ya juu anayekushikia mtoto ukiwa zamu. Mjukuu wangu umbusu, useme busu limetoka kwa bibi yake. Langu lisubiri.

Mungu akufungulie akili katika masomo, na mtoto ampe pumzi ndefu isiyokoroma.

Wako akupendaye, na ambaye bado anavuta,

Mjomba