Korongo Litakalobeba Watu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, mchana.

Mpendwa Dada,

KUHUSU: NAFASI YA NAHODHA WA CHELEZO

Pokea salamu zangu za heshima. Ni matumaini yangu kuwa goti lako limetulia na wajukuu hawakuchoshi. Sisi huku tu wazima. Madhumuni ya barua hii ni kukuomba urudi kushika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chelezo.

Bila shaka umesikia kwamba kuna mpango wa kuugeuza mto wetu, maji yote yaingie kwenye mabomba ya mwekezaji. Nilikwenda ofisi ya maji kuwasilisha pingamizi, nikatamka wazi kuwa tunadai mto wetu. Karani aliniuliza kama ni mto wa kulalia, akanielekeza duka la magodoro. Ofisi nzima ilicheka. Nilisubiri wamalize, kwa kuwa nilikuwa nimevaa koti, na mwenye koti hagombani.

Ofisa mwenyewe hakucheka. Alikunjua ramani, akanionyesha kuwa pale petu pameandikwa "korongo". Mto una sheria ya kuulinda, korongo halina.

"Mzee, unalilia korongo kavu," aliniambia. "Huko hata hakupitiki."

"Mheshimiwa," nilimjibu, "usifunge dirisha lako. Korongo hilo litakuja hapa limebeba watu."

Dirisha lake, Dada, linatazama daraja.

Basi tunaunda chelezo. Kaka wa mke wangu, yule seremala, amefunga magogo na mapipa matupu pale uani, na mke wangu hana tena pa kuanika nguo. Tutashuka kutoka milimani hadi darajani, tukisimama kila kijiji ili watu wajionee kuwa huu ni mto. Mpiga picha wa gazeti atatungoja. Wamesema hakupitiki, ndiyo maana tunapita.

Kasoro ni moja. Pale kwenye miamba, maji yanapochemka, aliyewahi kupita bila kupinduka ni wewe peke yako, enzi hizo ukiitwa Nahodha nami nikilia nyuma yako. Seremala amejitolea kushika upondo. Hajui kuogelea, na anashikilia kwamba hilo halihusiani.

Wanao watasema umezeeka. Wajulishe kwamba upondo haushikwi kwa goti.

Nisalimie shemeji yangu, wanao na wajukuu wote. Mwenyezi Mungu akujalie usingizi mwema na miguu myepesi.

Chelezo kitaingia majini mwisho wa mwezi, kabla mashine za mwekezaji hazijafika, uwepo au usiwepo. Je, unakuja? Naomba uamuzi wako.

Mdogo wako akupendaye kama zamani,
Katibu wa Chelezo